Mwanamke wa Kwenye Kopo

Maziwa yalikuwa safi. Ripoti ya maabara ya serikali ilisema hivyo katika mstari wa kwanza, na Inspekta Nyamusi aliusoma mara mbili akiwa bado amesimama mlangoni mwa ofisi, koti lake la mvua likichuruzika sakafuni. Mursik iliyokuwa kwenye kibuyu haikuwa na dawa ya panya. Haikuwa na dawa ya kupulizia mahindi. Ilikuwa maziwa lala na masizi ya mti, basi. Ugali ulikuwa safi. Mboga zilikuwa safi.

Damu ya Beverly ndiyo haikuwa safi.

"Mzee Nicholas," alimwita konstebo wake. "Funga mlango, uje usikie hii."

Konstebo Nicholas alikuwa mwenyeji wa Bureti, mtu mzito, mwenye mvi, aliyekaribia kustaafu. Alifunga mlango akaketi kwenye ubao wa dirisha.

"Imeandikwa sibutramini," Nyamusi alisema. "Ilikuwa dawa ya kukata hamu ya kula. Nchi nyingi ziliiondoa sokoni kwa sababu ilikuwa inaleta kiharusi na kuharibu moyo. Imepatikana nyingi kwenye damu yake. Daktari anasema moyo ulienda mbio mpaka ukashindwa."

"Kwa hivyo kuna mtu alimwekea kwa chakula?"

"Chakula ni safi. Ama alipewa mahali pengine, ama aliimeza mwenyewe."

Nicholas alikuna kidevu. "Madam, hiyo ukiwaambia wale watu wako kwa geti, hawatakuamini."

Watu waliokuwa getini walikuwa ndugu za marehemu. Beverly Kwamboka, mwalimu wa chekechea, alikuwa Mkisii aliyeolewa na Kiptanui, mkulima wa chai wa karibu na Roret. Jumapili, baada ya ibada, alikula kwa mama mkwe wake. Alionja ugali kidogo na nusu kikombe cha mursik, akainuka kwenda kumchukua mtoto aliyekuwa analia, akaanguka kizingitini. Hakuamka tena. Kabla mwili haujafika mochari, kaka yake Mageto, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ndanai, alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kwamba dada yake amelishwa sumu na wakwe zake. Tangu hapo Kiptanui alikuwa seli, na watu wasiojulikana walikuwa wameingia shambani kwake wakafyeka mistari miwili ya michai mpaka chini kabisa.

Nyamusi alitoka kuwaona. Mageto alimsalimia kwa Kikisii, kisha akamvuta kando.

"Dada, wewe ni wetu. Kwenu ni Nyamira, mimi najua mpaka nyumbani kwenu. Hawa watu wasikuzungushe."

"Mimi ni polisi, Mageto."

"Ni sawa. Lakini ujue vijana wamechoka kungoja. Wakienda kwa huyo mama mkwe leo, mimi siwezi kuwazuia."

"Unaweza," Nyamusi alisema. "Wanakusikiliza wewe. Kitu chochote kikitokea kwa yule mama, nitaanza kuuliza kwako."

Alirudi ndani, akaagiza Kiptanui atolewe seli.

Kiptanui alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Ndevu zilikuwa zimeota, na shati lilikuwa lile lile la Jumapili.

"Mke wako alikuwa amepungua," Nyamusi alianza.

"Ndio. Tangu azae huyu wa pili alikuwa ameongezeka. Mimi sikuwa na shida na hiyo."

"Nani alikuwa na shida?"

"Nguo ya kwaya ilikuwa haimwingii. Yeye ndiye alikuwa anaongoza nyimbo. Alikuwa anasema atasimamaje mbele ya watu na nguo ya kuazima."

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Mimi sijawahi kuona dawa. Nilikuwa namsikia tu usiku anaamka, anakunywa maji, anakaa kitandani. Siku moja nilimshika mkono, damu ilikuwa inapiga kama pikipiki imewashwa. Nikamwambia twende hospitali. Akasema ni uchovu."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia mama. Nikapigia Mageto pia, nikamwambia dada yako haonekani mzima. Akaniambia nipunguze kumfanyisha kazi."

Nyamusi aliandika hilo. "Tangu afe, nani anapanga vitu vyake nyumbani?"

"Mama."

Kiptanui aliporudishwa seli, Nyamusi alichukua funguo za gari.

"Dawa inayofanya mtu akonde namna hiyo haimezwi siku moja," alimwambia Nicholas. "Lazima alikuwa na mahali anaiweka. Na sisi tulipekua ile nyumba Jumapili hiyo hiyo, hatukupata hata panadol. Hapo huoni kitu?"

Nicholas alifikiri kidogo. "Kuna mtu alitutangulia."

"Twende."

Mvua ilikuwa imekatika walipofika. Mama yake Kiptanui, ambaye boma zima lilimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa ameketi nje ya jikoni na mtoto mchanga amelala magotini pake. Hakuinuka. Nicholas alimsalimia kwa Kikipsigis, naye akaitikia kwa sauti ya chini huku akimwangalia Nyamusi.

"Kogo," Nyamusi alisema, "ripoti imekuja. Maziwa yako hayakuwa na sumu."

Mama yule alifunika uso kwa ncha ya leso.  Walimngoja.

"Mimi nilijua," alisema mwishowe. "Nilimpenda huyo msichana. Nilimwekea maziwa kama binti yangu."

"Basi nipe kile kitu ulichoficha."

Uso ulitoka kwenye leso. Kogo alimtazama Nicholas kana kwamba anataka msaada, lakini Nicholas alikuwa anaangalia michai iliyofyekwa. Kogo alimkabidhi Nyamusi mtoto, akaenda polepole mpaka kwenye ghala la mahindi. Alirudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kopo la plastiki la rangi ya kijani.

"Lilikuwa kwa mfuko wa nguo yake ya kwaya," alisema. "Nilifikiri ni ile dawa ya kuzuia kuzaa. Tulikuwa tumegombana kidogo. Nilimwambia azae wa tatu, akakataa, nikasema maneno mbaya. Sasa nikaona, watu wao wakipata hii, watasema nilimsumbua mpaka akakufa. Nikaficha."

"Kogo, hili kopo lingemtoa kijana wako seli siku ile ile ya kwanza."

Mama alipiga magoti taratibu, akaketi chini kwenye matope, pale pale alipokuwa amesimama. Nicholas alimwinua, na Nyamusi akamrudishia mtoto.

Walilichunguza kopo ndani ya gari. Lebo ilikuwa imebandikwa kwa mkono, upande mmoja umekunjamana. Juu kulikuwa na jina, UMBO CHAI. Chini yake kulikuwa na maneno: *Kiini cha majani machanga ya vilima vya Kericho. Asilia kabisa. Haina kemikali. Haina madhara. Mama huyu alipungua kilo thelathini kwa miezi miwili!* Kulikuwa na picha mbili ndogo za mwanamke mmoja. Katika ile ya KABLA alikuwa mnene, anacheka. Katika ile ya BAADA alikuwa mwembamba, hacheki.

Nicholas alimimina vidonge viganjani. "Mimi nimekulia kwa chai. Hii haina harufu ya chai hata kidogo."

"Hakuna jina la kampuni, hakuna alama ya ubora, hakuna nambari ya simu," Nyamusi alisema. "Hii inatoka kwa mtu anayejuana na mtu. Ukiitaka, lazima umjue mwenyewe."

"Sasa tutaanzia wapi?"

"Kwa huyu mama." Alilisogeza kopo kwenye mwanga wa dirisha. "Angalia gauni. Ni moja kwa picha zote mbili. Wewe ukipungua namna hii na umefurahi, si ungenunua nguo mpya ndio upigwe picha? Huyu amevaa ile ya zamani, inamning'inia kama imetundikwa."

"Labda hana pesa."

"Labda. Lakini angalia mkono. Hapa nyuma ya kiganja."

Nicholas alivaa miwani. Palikuwa na kipande cheupe cha plasta, kidogo kama ukucha.

"Hapo ndipo wanaweka dripu," alisema taratibu. "Na huo ukuta, samawati chini, krimu juu. Madam, hiyo ni wodi."

Katika picha ya KABLA, mwanamke alisimama kando ya mikebe ya maziwa ya chuma, na ukutani nyuma yake herufi zilikuwa zimekatwa na ukingo wa lebo. Zilizobaki zilisomeka DANAI.

"Ndanai," Nicholas alisema. "Pale wanapopimia maziwa."

Walipita Sotik, wakaingia Ndanai kabla ya saa za kufunga maduka. Kwenye kituo cha maziwa, mwanamke aliyekuwa anasuuza mikebe alilitazama kopo akaangua kicheko.

"Si huyu ni Chepkurui! Nani alimweka kwa kopo?" Kisha aliiona picha ya pili, kicheko kikakatika. "Hii si ya kuwekwa mahali. Huyu ni mgonjwa wa koo. Haleti maziwa siku hizi, mume wake ndiye analeta."

Chepkurui aliishi nyuma ya shule ya msingi, katika nyumba ya mabati yenye maua ya manjano mbele. Walimkuta kwenye kiti cha plastiki, blanketi miguuni, bakuli la uji mwepesi mkononi. Nicholas alimwamkia, "Chamgei," naye akaitikia kwa sauti iliyokwaruza, kisha akabadilisha kwenda Kiswahili kwa heshima ya mgeni.

Nyamusi aliketi kwenye kigoda, akampa kopo. "Mama, huyu ni wewe?"

Chepkurui aliliangalia kwa muda mrefu. Alilizungusha, akalirudisha.

"Huyu wa hapa ni mimi. Na huyu pia ni mimi." Aliweka kidole kwenye neno BAADA. "Lakini siku hii nilikuwa nakufa."

"Ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Koo ilikuwa imefunga. Nilikuwa nimekaa siku nyingi sijala kitu."

"Uliwahi kutumia dawa hii?"

Alishika shingo yake kwa vidole vyote. "Mate yangu mwenyewe ilikuwa hainipiti. Nilikuwa natema kwa bakuli. Ningemeza dawa namna gani? Mpaka daktari aliponiwekea mpira hapa ndani, ndio sasa uji inapita."

"Nani alikupiga hii picha?"

"Wamama wa maombi walikuja kuniona. Mmoja akasema ngoja nikupige picha, nitumie wengine wakuombee. Nikakubali. Sasa mtu akitaka kukuombea utamkataza? Hiyo ingine ya zamani alikuwa nayo kwa simu. Alinipiga siku moja tukiwa kwa maziwa, kabla sijaugua."

"Jina lake nani?"

"Phelis. Bibi ya Mageto wa hardware."

Kalamu ya Nicholas ilisimama. Alimtazama Nyamusi, lakini Nyamusi hakugeuka.

"Una uhakika, mama?"

"Alinishika mkono hii akiomba. Nitamsahau?" Chepkurui alilichukua tena kopo. Midomo yake ilisogea akisoma maneno moja moja. "Na watu wananunua?"

"Wananunua."

"Wanaangalia mimi hapa, wanasema wanataka kuwa hivi."

 Nyamusi alimweleza kwamba kuna mwalimu amekufa, na kwamba anahitaji maelezo yake, lakini si lazima ayatoe leo kama amechoka.

"Andika leo," Chepkurui alisema. Aliweka bakuli chini, akajivuta akaketi wima. "Andika vizuri. Useme sikumeza. Useme nilikuwa mgonjwa, na hakuna mtu aliniuliza."

Ilichukua muda, kwa sababu sauti ilikuwa inakatika na kila mara ilibidi wangoje. Alipomaliza alitia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja.

Duka la Mageto lilikuwa katikati ya soko. Yeye mwenyewe alikuwa amesharudi kutoka kituoni, na alipoliona gari alitoka mbio.

"Dada! Kiptanui amekubali?"

"Hajakubali kwa sababu hakufanya. Phelis yuko wapi?"

"Yuko saluni hapo nyuma. Unamtakia nini?"

Saluni ilikuwa chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa duka. Phelis, mwanamke nadhifu aliyevaa kitambaa cheusi cha msiba, alikuwa anamsuka mteja. Nyamusi aliweka kopo kwenye meza, kati ya vitana na mafuta ya nywele. Mikono ya Phelis ilibaki ndani ya nywele, haisogei.

"Mama, rudi kesho," Nyamusi alimwambia mteja, na mteja akatoka na kichwa kilichosukwa nusu.

"Hii ni nini?" Mageto aliuliza. Alikuwa amewafuata ndani.

"Ni virutubisho tu," Phelis alisema haraka. "Ni majani ya chai. Wamama wengi wanatumia."

"Nani alikuambia ni majani?" Nyamusi aliuliza.

"Mtu anayenitumia kutoka Nakuru."

"Inakuja ikiwa kwa makopo?"

"Inakuja kwa karatasi ya nailoni. Makopo nanunua mimi. Lebo nilitengenezewa Kericho."

"Kwa hivyo hayo maneno kwamba haina kemikali uliyaandika wewe."

"Yeye aliniambia."

"Na Chepkurui alikuambia alipungua kwa majani?"

Phelis alitazama chini.

"Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemkuta anakunywa uji."

"Nilifikiri atakufa," Phelis alisema, karibu bila sauti. "Wote tulifikiri. Nikaona picha haitamdhuru."

Mageto alisogea hatua moja. "Phelis. Beverly alikuwa anatumia hii?"

Phelis alilisogeza kopo nyuma ya mafuta ya nywele.

"Kuna mtu yeyote aliwahi kukulalamikia?" Nyamusi aliuliza. "Mtu kukuambia hapati usingizi, moyo unaenda mbio?"

"Mmoja."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia avumilie. Ni mafuta yanayeyuka. Ndio maneno niliambiwa niseme."

"Huyo mmoja ni nani?"

Phelis alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Maneno yalipita kati ya vidole. "Nilimpa bure. Sikumuuzia. Alilia hapa hapa kwa sababu ya nguo ya kwaya, nikamwambia wewe ni dada yangu, chukua."

 Mageto alitafuta mahali pa kushika, akashika mlango.

"Kiptanui alinipigia," alisema. "Aliniambia haonekani mzima. Nikamtukana."

"Mageto," Nyamusi alisema, "vijana wako wapi?"

Alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akatoa simu mfukoni, na akaongea Kikisii, maneno machache, sauti imekauka. Aliwaambia wageuze, warudi nyumbani. Walipouliza sababu alikata simu. Alitoka nje bila kumtazama mkewe, akaketi juu ya magunia ya saruji mbele ya duka lake, na waliokuja kununua misumari hakuwaona.

Nyamusi alimwambia Phelis kwamba amekamatwa, akamweleza haki zake. Kisha akachukua simu ya Phelis iliyokuwa juu ya meza, akampa.

"Umewapa wangapi?"

"Wengi. Kutoka Roret mpaka Sigor."

"Wapigie. Mmoja mmoja, na weka sauti niwasikie. Waambie waache sasa hivi, waende hospitali na kopo mkononi."

Wa kwanza hakushika. Wa pili alisikiliza, akauliza mara tatu kama ni kweli, akaanza kulia. Wa tatu alishika kabla simu haijaita vizuri.

"Phelis! Mungu amekuleta. Nilikuwa nataka kukutafuta. Imenikubali kabisa, mpaka shemeji ameona. Niwekee makopo mawili."

Phelis alimnyooshea Nyamusi simu.

"Uko hapo? Nilitaka kukuuliza pia. Tangu asubuhi moyo unaruka ruka, na mkono huu umekuwa kama una ganzi. Lakini si ulisema ni mafuta? Nimeongeza moja saa sita ili yaishe haraka."

Nyamusi alichukua simu.

"Mama, mimi ni Inspekta Nyamusi, polisi. Uko wapi sasa?"

"Polisi? Niko shambani, nachuma chai. Kuna nini?"

"Shamba gani?"

Mwanamke alitaja shamba, chini ya barabara ya kwenda Roret, na sauti yake ilikuwa imeanza kuhema.

"Sikiliza. Tua kikapu. Usipande mlima, usibebe kitu, keti hapo hapo chini kati ya michai. Uko na mtu karibu?"

"Wako mstari wa juu."

"Waite. Usikate simu. Waite nikiwa nasikia."

Nicholas alikuwa ameshatoka. Nje injini ya gari iliwaka, na Nyamusi alimshika Phelis kiwiko akatoka naye, simu sikioni, akisikiliza mwanamke asiyemjua akiita majina ya wenzake katikati ya shamba.